Giza Hufuata Ratiba ya Mpira

Ukitaka kujua ni lini televisheni na kampuni ya dishi zitagombana kule Marekani, usihangaike na wanasheria. Tafuta ratiba ya mpira.

Jumapili jioni, tarehe 1 Septemba 2024, wateja zaidi ya milioni 11 wa DirecTV, kampuni ya dishi, walikuwa na mambo mawili ya kutazama kwenye chaneli za ESPN: tenisi ya US Open iliyokuwa inaendelea, na mechi ya vyuo ya mpira wa Kimarekani, LSU na USC, iliyobakiza dakika chache ianze. Ghafla picha ikaondoka. Mkataba kati ya DirecTV na Disney, mwenye ESPN na ABC, ulikuwa umeisha na bei mpya haijakubaliwa. Giza lilidumu siku 13. Likaondoka Jumamosi asubuhi ya tarehe 14, saa chache kabla ya mechi za vyuo za siku hiyo.

Mwaka mmoja nyuma Disney hiyohiyo iligombana na Charter, kampuni ya kebo iliyokuwa na wateja wa televisheni karibu milioni 15. Chaneli zilikatika usiku wa 31 Agosti 2023, zikarudi 11 Septemba, Buffalo Bills na New York Jets wakiwa wanajiandaa kuingia uwanjani usiku uleule. Tarehe 30 Oktoba 2025 ikawa zamu ya YouTube TV, huduma ya chaneli kwa njia ya mtandao, tena na Disney, katikati ya msimu, siku 15. Mwaka 2013 televisheni ya CBS na kampuni ya kebo ya Time Warner Cable walinuniana Agosti nzima, wakapatana 2 Septemba, siku chache kabla ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kufungua msimu. Na Oktoba 2010 wateja milioni 3 wa kebo ya Cablevision, New York na vitongoji vyake, walikosa mechi za mwanzo za fainali ya besiboli kwa sababu ya ugomvi na televisheni ya Fox.

Wasomaji wengine watasema ni sadfa. Mimi nasema mkataba wa namna hii hupangiwa siku ya kufa tangu siku unapozaliwa. Mwenye chaneli hutaka uishe wakati mtu hawezi kukaa nyumbani bila mpira. Mwenye dishi angependa uishe mwezi ambao hakuna la maana kwenye skrini. Bei yenyewe, wahasibu wangeimaliza kwa siku mbili. Majuma mawili yanaliwa na kungoja: mteja atamkasirikia nani kwanza? Akimkasirikia mwenye dishi, atahama, na mwenye dishi atasalimu amri. Akimkasirikia mwenye chaneli, atazoea kuishi bila chaneli hiyo, na kila siku inayopita matangazo ya biashara ya chaneli yanakosa macho. (Nimejizuia kuandika ile methali ya tembo na nyasi. Nyasi hazilipii kifurushi mwezi mzima kabla.)

Wamarekani hawakuanzia hapo. Kebo ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 katika sehemu kama milima ya Pennsylvania, ambako antena ya kawaida haikushika kitu. Fundi mmoja alisimamisha mlingoti juu ya kilima, akavuta waya hadi majumbani, akatoza kidogo kwa kazi hiyo. Vituo vya televisheni havikulalamika sana. Vilipata watazamaji ambao visingewafikia. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaamua kwamba mwenye waya hakuwa anaonyesha filamu za watu, alikuwa anamsaidia mtazamaji kuona kilichokwisha kurushwa hewani. Mlingoti mrefu tu, basi.

Lakini mlingoti ukawa biashara kubwa, na vituo vikaanza kuuliza swali ambalo mwenye duka yeyote angeuliza: bidhaa yangu iko kwenye rafu yako, wateja wanaingia dukani kwako kwa ajili yangu, mbona sioni hela? Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kebo. Rais George H. W. Bush akaikataa kwa kura ya turufu, Bunge likaipindua turufu hiyo, mara moja pekee katika urais wake wote. Sheria ile ilikipa kila kituo uchaguzi wa kufanya kila baada ya miaka mitatu. Unaweza kudai kubebwa kwa lazima, ukabebwa, usilipwe. Au unaweza kuuacha ulazima huo na kusema: hakuna kunirusha bila idhini yangu, na idhini yangu ina bei. Wadogo walichagua la kwanza. Wakubwa wakachagua la pili. Mwaka 1999 sheria nyingine ikawaruhusu wenye dishi kubeba vituo vya mji anaoishi mteja, nao wakaingia kwenye utaratibu huohuo wa idhini.

Raundi ya kwanza, mwaka 1993, naipenda kuliko zote zilizofuata. Kampuni za kebo, zikiongozwa na TCI ya John Malone, zilikaza: pesa taslimu hatutoi, hata senti. Basi wakubwa wakatafuta njia ya pembeni. ABC ikakubali kulipwa kwa nafasi ya chaneli mpya, ndiyo ESPN2. Fox ikapata nafasi ya FX. NBC ikapata nafasi ya chaneli ya mazungumzo ambayo mwaka 1996 ilikuja kuwa MSNBC. CBS peke yake ikashikilia kwamba inataka pesa mkononi. Haikupata pesa, haikupata chaneli, ikabebwa bure kama kituo cha kijijini.

Kila anayelalamika leo kwamba kifurushi kimejaa chaneli asizozitazama arudi kwenye mwaka ule. Kifurushi hakikunenepa kwa sababu watu waliomba chaneli nyingi. Kilinenepa kwa sababu chaneli ilikuwa sarafu. Mwenye chaneli moja inayopendwa alimwambia mwenye kebo: ukiitaka hii, chukua na hizi tatu, uziweke kwenye kifurushi cha watu wote, unilipe kwa kila kichwa, awe anatazama au hatazami. ESPN peke yake, kwa makadirio yanayotajwa sana, humgharimu kila mteja zaidi ya dola 9 kwa mwezi, na bibi asiyejua mpira una pembe ngapi anazilipa zilezile. Pesa taslimu zilizokataliwa mwaka 1993 zilianza kutoka katikati ya miaka ya 2000, na sasa ni mabilioni ya dola kila mwaka.

Hapo ndipo ugomvi wa DirecTV mwaka 2024 ulikuwa na sura tofauti kidogo. Wenye dishi walidai wapewe ruhusa ya kuuza vifurushi vidogo kwa aina: michezo peke yake, watoto peke yake, habari peke yake. Walipopatana, ruhusa hiyo ilikuwamo, na Januari 2025 DirecTV ikatoa kifurushi cha michezo tupu kwa dola 69.99 kwa mwezi. Soma tena hiyo bei. Kifurushi "kidogo" cha karibu dola 70! Ukikitoa kitambaa kilichofunika gharama ya mpira, unaona kwamba mpira wenyewe ndio ghali, na bibi yule alikuwa anausaidia kwa miaka 30.

Tofauti za tabia nazo zipo. Dish, mshindani wa DirecTV, ilianzishwa mwaka 1980 kule Colorado na Charlie Ergen, mtu aliyewahi kucheza karata kasino kwa ajili ya kipato, na kampuni yake imekuwa ikikaa mezani kama mcheza karata. Mwaka 2012 iliikata AMC, chaneli ya tamthilia, kwa zaidi ya miezi mitatu. Univision, chaneli kubwa ya wasema Kihispania, ilikosekana Dish karibu miezi tisa, kuanzia katikati ya 2018. HBO, ya filamu na tamthilia, ikaondoka Novemba 2018 na haikurudi hadi 2021. Ergen alikuwa amepiga hesabu moja ambayo wengine waliogopa kuipiga: je, wateja watakaohama ni wengi kuliko pesa nitakazookoa? Mara nyingi jibu lake lilikuwa hapana. Simsifu. Nasema alikuwa mkweli kuliko wenzake waliokuwa wakiweka maandishi kwenye skrini nyeusi kwamba wanapigana "kwa ajili yako mteja".

Huku kwetu mambo yalipinda njia nyingine kabisa. Kenya ndiyo mfano mkubwa. Nation, Standard na Royal Media, wenye NTV, KTN na Citizen, waliishtaki serikali na wenye ving'amuzi kwa jambo ambalo Mmarekani angelielewa mara moja: StarTimes na GOtv wanauza ving'amuzi kwa mvuto wa chaneli zetu, hawajatuomba, hawatulipi. Machi 2014 Mahakama ya Rufani iliwasikiliza. Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, ikageuza kibao: kubebwa kwa lazima ni kwa manufaa ya umma, na anayebeba kwa kutii kanuni hiyo hajaiba hakimiliki ya mtu.

Kwa Kiswahili cha mtaani: utabebwa, hutaulizwa, hutalipwa.

Vituo havikukubali kimyakimya. Vilirusha matangazo vikiwaambia watazamaji wasinunue ving'amuzi vya GOtv na StarTimes, vikaomba muda ili vilete vya kwao. Muda haukupatikana. Tarehe 14 Februari 2015, siku ya wapendanao, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analojia kule Limuru, na vituo vile vikakataa kuonekana kidijitali kwa masharti ambayo havikuyataka. Siku 19 Wakenya walikaa bila taarifa ya habari ya Citizen, ya NTV, wala ya KTN. Nchi yenye ushindani wa habari mkali kuliko nyingi barani ikabaki na KBC, K24 na wengine wachache, mpaka mwanzoni mwa Machi.

Wengi waliandika wakati ule kwamba ni vita vya uhuru wa habari. Ilikuwa hivyo kwa sehemu. Lakini chini yake kulikuwa na swali lilelile la rafu na duka, na mahakama ililijibu nusu. Ilimlinda mtazamaji, na hapo naiunga mkono: mtu wa Kitui au Busia asinyimwe taarifa ya saa moja kwa sababu matajiri wawili wa Nairobi hawajaelewana. Ila kituo kinachotengeneza taarifa hiyo, kinacholipa waandishi na magari na satelaiti, kiliachwa na chanzo kimoja tu cha pesa, matangazo ya biashara. Na kwenye nchi zetu mnunuzi mkubwa wa matangazo hayo mara nyingi ni serikali. Kituo kisicho na haki ya kudai chochote kwa mwenye king'amuzi kitaegemea zaidi kwa yule mwenye bajeti ya matangazo, na kila mwandishi wa habari anajua maana ya kuegemea huko.

Tanzania tulipata kioja cha aina yake. Sisi tulizima analojia mapema, Dar es Salaam ikianza usiku wa 31 Desemba 2012, na kazi ya kurusha kidijitali ikapewa kampuni tatu: Star Media, Agape na Basic Transmissions. Wengi tunazijua kwa majina ya ving'amuzi vyao, StarTimes, Ting na Continental. Hizo ndizo zilizobeba wajibu wa kuonyesha chaneli zisizolipiwa hata kama mteja hajalipia kifurushi. Wenye dishi, yaani DStv, Zuku na Azam, leseni zao zilikuwa za kulipia. Lakini nao walikuwa wakizionyesha ITV, Clouds, Channel Ten na nyingine, na kifurushi kikiisha, zinaondoka pamoja na kifurushi. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikasema hilo ni kosa, chaneli isiyolipiwa haiwezi kuuzwa, na zikaondolewa kwenye madishi. TBC1 ikabaki.

Tafakari kilichotokea. Mwenye kituo alitaka kubebwa, maana anatafuta macho. Mwenye dishi alitaka kubeba, maana king'amuzi kisicho na taarifa ya habari ya nyumbani ni kigumu kuuza. Mteja alitaka kuona. Wote watatu wameridhika, na bado skrini ikawa nyeusi. Marekani hugombana wawili, mtazamaji akaumia. Sisi hakuna aliyegombana na aliyeumia ni yuleyule.

Nakumbuka fundi wa dishi wa mtaani kwetu, mwezi ule, alivyokuwa anaitwa kila nyumba. Anapanda bati, anazungusha dishi, anashuka. "Mzee, dishi halina tatizo. Zimetolewa," anasema, kisha kwa sauti ya upole ya mtu anayejua soko: "Ila nina king'amuzi cha antena hapa, nikufungie?" Sebule nyingi zikawa na ving'amuzi viwili na rimoti tatu, na ugomvi mpya wa nani kaiweka wapi ya antena. TCRA ilikuwa na hoja. Chaneli ya bure isifungiwe nyuma ya malipo. Ila dawa ya kumwambia mwenye dishi "iache wazi hata kifurushi kikiisha" ilikuwapo mezani tangu mwanzo, na ingewafaa hasa wale wa vijijini ambako antena haioni mnara wowote na dishi ndilo pekee linaloshika.

Naandika haya sasa kwa sababu mwenye nyumba amebadilika. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, na kwa hiyo DStv na GOtv sasa ziko mikononi mwake. Canal+ si mgeni wa michezo hii. Tarehe 2 Septemba 2022 ilizikata chaneli za TF1, kundi lenye chaneli inayotazamwa kuliko zote Ufaransa, baada ya kushindwana kuhusu pesa. Iliziondoa hata kwenye TNT Sat, huduma ya satelaiti ya bure iliyowekwa kwa ajili ya wale ambao antena hazifiki, watu wa mabonde na milima. TF1 ni ya bure kwa Mfaransa yeyote mwenye antena. Asiye nayo akaambiwa asubiri. Zilirudi mapema Novemba. Kombe la Dunia la Qatar lilikuwa linaanza tarehe 20 mwezi huohuo, na TF1 ndiyo iliyokuwa na mechi.

Sisemi kwamba Canal+ itafanya hivyo hapa. Nasema inajua namna ya kufanya, na sheria zetu zimeandikwa kwa ugomvi wa aina nyingine. Kanuni za kubebwa kwa lazima zinawagusa wenye chaneli zisizolipiwa. Hazisemi kitu cha maana kuhusu siku ambayo mwenye chaneli ya kulipia na mwenye dishi watashindwana katikati ya mwezi ambao wewe umeshaulipia, kibanda umiza kimejaa, watu wametoa jero zao mlangoni na mwenye kibanda anapiga simu huduma kwa wateja.

Wakanada wana jambo ambalo ningelichukua kama lilivyo. Ugomvi ukifika kwa msimamizi wao wa utangazaji, CRTC, chaneli hairuhusiwi kukatwa. Inaendelea kuonekana kwa bei ya zamani mpaka shauri liishe, na bei mpya ikishapatikana, fidia hurudi nyuma. Kisha kila upande huleta bei moja tu, ya mwisho, na msimamizi huchagua mojawapo kama ilivyo, bila kugawa katikati. Uzuri wa utaratibu huo uko kwenye hofu: ukileta bei ya kitoto, ya mwenzako ndiyo itakayochaguliwa, kwa hiyo wote wawili hujikuta wakisogea katikati kabla hata bahasha hazijafunguliwa. Marekani nao wameujaribu, lakini kwa vipande. Mwaka 2003 News Corp, mwenye Fox, ilipochukua udhibiti wa DirecTV, na 2011 kampuni ya kebo ya Comcast ilipoichukua NBC, serikali iliweka masharti ya usuluhishi wa namna hiyo, ya muda, kwa kampuni hizo tu. Kwingine wakaacha giza lifanye kazi ya hakimu.

Wapo watakaosema kwamba kumzuia mwenye chaneli asizime ni kumnyang'anya silaha yake pekee mbele ya mwenye dishi mwenye mamilioni ya wateja. Ni hoja nzito, na ndiyo sababu sitaki kuzuia tu. Nataka kituo cha ndani nacho kipewe ule uchaguzi wa miaka mitatu: bure na lazima, au kwa idhini na kwa bei, ambayo ikikataliwa inaamuliwa kwa bahasha. Kituo kidogo cha Mwanza au Mombasa kitachagua lazima. Citizen au ITV pengine zitachagua bei, na mwenye king'amuzi atalazimika kuonyesha hesabu zake za nani hasa anawaletea wateja. Mpaka sasa hesabu hizo hatujawahi kuziona, upande wowote.

AFCON ya 2027 inachezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Kama mimi ndiye ningekuwa nimekaa kwenye ofisi ya TCRA, au ya Mamlaka ya Mawasiliano kule Nairobi, ningeandika barua fupi kwa kila mwenye leseni ya king'amuzi na kila mwenye chaneli za michezo, yenye swali moja: mikataba yenu inaisha tarehe ngapi?